Wifi, Duka la Kona Nililitaka Mimi

Wifi yangu Saumu,

Assalamu alaikum. Barua hii haifiki huko uliko, nalijua hilo. Na hata ingefika, ungeisoma mistari miwili ukaitia chini ya mizani, pamoja na kadi za harusi na bili za stima, mpaka siku uikumbuke. Naiandika wazi, asomaye asome, kwa kuwa niliyokufanyia sikuyafanya chumbani. Nilijigamba mbele za watu na nikakusengenya mbele za watu, basi na haya nayasema mbele za watu. Na usije ukadhani nimegeuka mtu mwema. Umekufa, umezikwa, arubaini yako imesomwa, na mie bado nakuonea gere.

Nianze na duka, maana ugomvi wote ulianzia hapo. Ugomvi wangu mie, wewe hukugombana na mtu. Baba yenu alikuwa amekodi vyumba viwili vya wakfu wa msikiti, hapa Mji wa Kale, akiuza viungo. Alipofariki, wewe binti yake ukabaki na cha kona, na kaka yako Mbarak akapewa cha ndani. Mbarak, mume wangu, si mtu wa kukaa mahali pamoja. Akaenda zake kuendesha malori, akaniachia mie ufunguo. Nilikuwa bibi harusi wa miezi sita, nimetoka Tudor kwenye nyumba za ghorofa, sijui hata iliki nzuri inajulikana kwa nini.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Nalikumbuka hilo, na nachukia kulikumbuka. Ulinifundisha kuipasua iliki kwa ukucha nizione mbegu, ziwe nyeusi na zinate. Ulinifundisha kuuvunja mdalasini karibu na sikio. Ulinifundisha kuuacha upande wa mteja wa mizani uzame kidogo kabla sijafunga karatasi, na nilipokuuliza kwa nini nimpe mtu zaidi ya alichotaka, ulisema, "Tukipima tunatazamwa, wifi." Ulisema kwa sauti ile ile uliyotumia kuniambia nifunike pilipili manga isipate vumbi. Nikarudi dukani kwangu nikakaa.

Na nilipokaa, nikaona nilichopewa. Duka lako lina milango miwili, mmoja unatazama Ndia Kuu na mwingine unatazama kichochoroni. Kila anayekuja kutafuta bizari, karafuu au zafarani lazima alione lako kwanza. Langu liko hatua ishirini ndani, kichochoro kimepinda, na mlango wake unatazama ukuta wa nyumba ya watu. Ukuta mtupu, wifi. Miaka kumi na tatu nimeutazama ukuta ule, naujua kila ufa. Wewe asubuhi ulikuwa na kivuli na upepo na watu wanaopita wakikuamkia, "Shikamoo Bi Saumu," nawe unaitikia huku unapekua iliki. Mie nilikuwa naamkiwa na paka.

Wallahi nililitaka duka lile. Nililitaka kuliko nilivyotaka bangili. Mbarak akirudi safari nilikuwa nikimwambia aende akuombe mbadilishane, wewe ulikuwa peke yako na mtoto mmoja, sisi tulikuwa na watatu. Kaka yako alikuwa akiniuliza tu kuna chakula gani.

Na kama ungekuwa mfanyabiashara mjanja ningekuelewa, ningesema ananishinda kwa ujanja. Lakini ulikuwa unafanya biashara kinyumenyume. Mtu anakuja kununua karafuu, wewe unamwambia hizi ni za msimu uliopita, harufu imepungua, ngoja wiki ijayo zinakuja mpya. Nani anamwambia mteja angoje? Ijumaa ulikuwa ukifunga kabla ya adhana, na mie nikabaki wazi makusudi, nikisema leo wateja wake nitawapata wote. Wateja wako wakakaa barazani kwako wakingoja urudi. Walikaa pale mpaka sala ikaisha, na mmoja akaja kwangu kuniomba kiti.

Utakumbuka ile masika ambayo maji yaliingia. Tulikuwa tumeleta bizari nzima kwa muuzaji mmoja, gunia lako na gunia langu, na mvua ikayapata yote mawili kwa chini. Wewe ulichukua ile iliyolowa ukaitia kwenye sinia peke yake, ukaiweka mbele ya duka, na kila aliyeishika ukamwambia imelowa. Uliiuza kwa bei ya kutupa. Mie nilipanda na yangu juu ya paa, nikaianika siku mbili, nikaichanganya na ile kavu, nikainamisha kichwa nikaiuza. Nilikuona mjinga. Nilimwambia Mbarak kwamba dada yako anatangaza ubaya wa mali yake kama mtu anayelipwa kutangaza.

Baada ya wiki akaja mama mmoja wa harusi, amevimba kwa hasira. Pilau lake lilikuwa limenuka uvundo, wageni wamezisukuma sahani. Kwa kuwa alikuwa amemtuma mtu kununua, na duka lako ndilo la kwanza, akakuvamia wewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, pale kichochoro kinapopinda, nasikia kila neno, na nilikuwa nangoja useme ile si yangu, ni ya yule wa ndani. Hukusema. Ulimpa bizari nzuri, ukampa na iliki juu yake, ukamwomba radhi. Alasiri ukaja kwangu, ukakaa kwenye kigoda, ukanywa chai yangu, ukazungumza habari za watoto. Ulipoinuka kuondoka ndipo uliposema lile gunia lililowa, wifi, lililobaki lisiuzwe.

Ungenitukana ningepona. Nililimwaga lililobaki, lakini nilikukasirikia mwezi mzima. Nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, uteleze mara moja tu. Upunje mtu mmoja, useme uongo mmoja, hata kidogo, nikushike nao.

Jambo moja tu lilinituliza roho, nalo lilikuwa asubuhi zangu. Anayejua biashara anajua raha ya kufungua, yaani kuuza kitu cha kwanza cha siku. Kabla hujafungua huna raha, hata uji haushuki. Ukishafungua, siku nzima inakuwa nyepesi. Basi mie, kwenye duka lile lililofichwa, nilikuwa nafungua mapema. Saa tatu haijafika, mtu keshapinda kona amekuja mpaka mlangoni kwangu. Wageni, wenyeji, akina mama wa Ganjoni, makarani wa reli. Nilijiambia hawa wamepita duka la Saumu kwa miguu yao wakaja kwangu, basi kuna kitu wamekiona kwangu ambacho kwake hakipo.

Na wewe unajua nilivyokuwa nikifanya. Nikishapokea ile noti ya kwanza naigusisha kwenye kipaji, naigusisha kwenye mizani, kisha naita kwa sauti yangu yote, "Bismillahi, nimefungua!" Wengine husema kimoyomoyo. Mie niliita mpaka majirani wa juu wakafungua dirisha. Niliita kwa ajili yako. Nilitaka unisikie kule kona, uketi na milango yako miwili ukijua kwamba mke wa kaka yako keshauza na wewe bado. Nilikuwa hata nikipita makusudi kwenda kununua mkate, nikukute umekaa na tasbihi, nikuulize, "Wifi, umefungua?" Nawe unatabasamu, unasema alhamdulillahi. Nikadhani unaficha aibu.

Halafu yale maji. Mara nyingi nikipita hivyo nilikuwa nakukuta uko nyuma, kwenye gudulia, unakunywa maji. Asubuhi na mapema, jua halijapanda, mtu hajafanya kazi, na wewe unakunywa bilauri nzima mpaka ikaisha, macho umeyafumba. Mie nikapata la kusema. Kwenye harusi moja, tumekaa tunapakwa hina, nikawaambia wanawake kwamba Saumu ana sukari, maji yale si bure. Likasambaa. Nilikuona mwenyewe ukinyimwa halua kwenye shughuli, watu wanakupitishia sahani kwa huruma, nawe unashangaa. Hukuwa na sukari wala hukuwahi kuwa nayo. Moyo ndio uliokuondoa, kwa siku tatu tu. Nisamehe la sukari, wifi. Wale wanawake nimewapitia mmoja mmoja nikawaambia kwamba nilizua, na mmoja alinicheka mpaka akakohoa.

Ulipofariki sikulia. Nilikaa kilioni na leso kichwani, nikawapikia watu, nikapokea pole, na moyoni nilikuwa nahesabu milango ya duka lako. Miwili.

Kwa siku arubaini binti yako Ruweida hakufungua duka, na katika siku hizo zote mie sikuuza kitu kabla ya adhuhuri. Nilisema watu wanaona haya kununua kwenye msiba. Arubaini ikasomwa, Ruweida akafungua milango yote miwili, akakaa mahali pako. Mashallah mtoto mzuri, lakini haya zimemjaa. Mtu akimwuliza jambo anajibu akitazama mizani. Watu wakawa wanachungulia, hawakuoni wewe, wananong'ona yule mama hayupo tena, kisha wanapinda kona wanakuja kwangu. Hao sasa walikuja kwa miguu yao kweli. Nilikuwa nauza mpaka mikono inanuka karafuu ninapolala. Yule mtoto anakaa kule na iliki zake zinakauka.

Mzee wa wakfu akaniita baada ya sala ya alasiri. Ni mtu wa maneno machache. Akasema ameona duka la kona halitembei, na ikiwa binti hatoliweza kufikia mwisho wa mwezi, ni afadhali libaki kwenye familia, na mie ndiye niliye karibu. Nilimjibu inshallah kwa sauti ya huzuni. Nilipompa kisogo sikuweza kuizuia furaha yangu. Nilirudi nikaenda kusimama kule kwako nikijitia kumjulia hali Ruweida, huku napima kwa macho rafu za kuweka pale ukutani. Mtoto akanipa kigoda. Akaniambia, mkaza mjomba, leo sijauza kitu. Nikamwambia asubiri. Wifi, nilimwambia asubiri, na nilijua wateja wake wote wako kwangu.

Sasa kuna Bwana Mutua. Wewe unamjua, yule Mkristo wa kutoka bara, karani wa reli, anayenunua tangawizi na mdalasini kwa ajili ya chai ya ofisini kwao. Huyo alikuwa ndiye fahari yangu. Nilikuwa nikikutajia kila mara, Mutua hanunui kwingine, Mutua hakosi kwangu. Alikuwa amekwenda likizo kwao, hana habari. Aliporudi akakuta sura nyingine pale kona, akapinda kuja kwangu, akavua kofia, akanipa pole. Akasimama kidogo, akasema atamkosa yule mama, kwa sababu yeye ndiye aliyemwonyesha duka langu.

Nikamwuliza ulimwonyesha lini. Akanitazama akidhani namfanyia mzaha. Akasema miaka mingi iliyopita aliingia kwako asubuhi kununua tangawizi, na wewe ulikuwa ukimpimia mteja mwingine. Ulipomaliza ukamwambia, "Mimi nimeshafungua, wifi yangu bado. Nenda kwake, ni hatua chache tu." Akaja. Na tangu hapo kila akipita asubuhi wewe ulimwonyesha tu kwa mkono, aendelee mbele. Akasema si yeye peke yake. "Pale ilikuwa desturi," akasema, "wengi wetu tunaoamkia duka tulikuwa tunatumwa kwako."

Nilikuwa nimeshika kijiko cha kupimia, nikakiweka.

"Kwani hukuwa unajua?" akaniuliza. Kisha akacheka kidogo, akanisimulia siku moja alipokukuta umeinua mkono, unamwambia angoje. Mkangoja nyote wawili, na yeye hajui mnangoja nini. Mara ikasikika sauti yangu kutoka ndani, bismillahi, nimefungua. Hapo ukaushusha mkono, ukavuta mizani, ukampimia wewe mwenyewe.

Sikumbuki nilivyomuaga. Nilikaa nikautazama ule ukuta. Kumbe nilipokuwa naita ili uumie, wewe ulikuwa unaingojea sauti yangu ndipo uuze kwa raha. Kila nilivyoita kwa nguvu ndivyo nilivyokurahisishia kazi. Miaka kumi na tatu nilijua umenishinda kwa kila kitu, nikabaki na asubuhi tu, na hata hizo asubuhi zilikuwa zako, ulizitoa kwenye mlango wako ukanitumia mlangoni kwangu.

Usidhani nililia kwa shukrani. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaniwaka. Nani alikuomba? Ungeniambia, ningekataa, ningekutupia wateja wako usoni, na wewe ulilijua hilo ndiyo maana hukuniambia. Na thawabu yote ukaondoka nayo. Umekwenda huko na mabunda yako ya thawabu, mie nikaachiwa kelele. Nilikuonea gere ya dunia kwa miaka yote ile, na siku hiyo nikaanza kukuonea gere ya akhera. Nikasema, bila shaka alikuwa ameumbwa hivyo, mtu asiyeumwa na kitu, kutoa kwake ni kama mie kupumua. Mtu namna hiyo unashindana naye vipi?

Nikatoka nikaenda kwa Ruweida. Nilikwenda kwa shari, nikitaka kumwuliza mama yake alikuwa akinicheka nyumbani kiasi gani. Nilimkuta anapangusa sahani za mizani, moja baada ya nyingine, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikamwuliza kama alijua habari ya wateja. Akasema ndiyo, mkaza mjomba, tangu nikiwa mdogo. Nikamwuliza ulisema nini juu yangu. Akasema hukusema kitu, ila ulimkanya asije akaniambia.

Akapangusa tena sahani ambayo ilikuwa safi. Kisha akanisimulia bila mie kumwuliza. Akasema kila ulipomtuma mteja kwangu ulikuwa ukienda nyuma kwenye gudulia na kunywa maji. Ramadhani, kwa kuwa huwezi kunywa, ulikuwa unanawa uso. Yeye alikuwa mtoto, akadhani ni sehemu ya ibada, kama udhu. Siku moja, amekuwa mkubwa kidogo, akakuuliza. Alikuja mtu wa hoteli siku hiyo, anataka viungo vya kupikia watu mia, na wewe ulikuwa umeshauza fungu moja la tangawizi, basi ukamtuma kwangu. Namkumbuka mtu yule. Nilijigamba naye mwaka mzima.

"Mama akaja hapa nyuma," Ruweida akasema, "akanywa bilauri mbili. Nikamwuliza, mama, kwa nini unakunywa maji kila mara? Akaniambia, koo linanikauka, mwanangu. Yule mteja nilimtaka."

Hapo ndipo nilipolia, wifi. Kilioni kwako sikulia, nikaja kulia siku hiyo, katikati ya magunia, mtoto wako ananishika mkono. Na nitakuambia nililia kwa nini, maana walioniona wamenitafsiria vyao. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ilikuuma. Kumbe ulikuwa na koo kama langu. Ulimtaka mtu wa hoteli, ulimtaka Mutua, uliwataka wote, mwanamke peke yako na mtoto wa kulea, na kila asubuhi ukamwachilia mmoja. Mie niliyasikia yale maji yakishuka nikayaita sukari.

Nilikwenda kwa mzee wa wakfu. Nilimwambia sitaki kumdanganya, duka lile nimelitaka tangu nikiwa bibi harusi na hata hivi sasa nikilitazama roho inaniuma, lakini lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kazi, hajapewa nafasi tu. Akaniuliza nafasi gani. Nikamwambia angoje mwezi mmoja zaidi. Akakubali.

Ninakuandikia baada ya siku mbili. Unataka kujua ilivyokwenda, najua, wewe ulipenda habari za duka hata ukiwa mgonjwa.

Jana Mutua alikuja mapema, nikafungua naye. Nimekwisha kuita, nikamwona mama mmoja wa Ganjoni anapinda kona, mfuko mkubwa mkononi. Wifi, nikajua kwa ule mfuko. Ana harusi ya mwanawe, anataka iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, zafarani, kila kitu, na kwa wingi. Nilimpangusia kigoda, nikamkalisha, nikamsifu buibui lake, nikamwuliza habari za bwana harusi, yote hayo kwa kuwa lile neno halitoki. Mwishowe nikasema. Nilimwambia mie nimeshafungua, lakini pale kona yupo mtoto wa wifi yangu, bado, na iliki zake ni nzuri kuliko zangu. Ile ya mwisho sikuikusudia, ilinitoka tu, na ni kweli. Akashangaa, akaenda.

Nikatega sikio. Kimya. Nikangoja. Kimya. Akaja mzee mmoja anataka manjano, nikasema huenda yule mama hakununua, nikamtuma naye. Kimya. Akaja wa tatu, nikamtuma huku machozi yananilengalenga, si ya toba, ya mali inayonipita. Sasa nikavaa viatu nikaenda kona kuona kuna nini. Ruweida amekaa, amekwisha kuwauzia wote watatu, anafunga karatasi zake taratibu, hana habari. Nikamwuliza, mwanangu, umefungua? Akasema, alhamdulillahi. Nilisimama pale na mkono kiunoni. Nikamwambia mama yako alikuwa na bahati, alijaliwa wifi mwenye kelele, na mie nimejaliwa wewe, nimepoteza wateja wawili kwa haya zako. Ukifungua, nikamwambia, ita. Ita mpaka paka washtuke. Akajifunika mdomo kwa mtandio, akacheka, na akicheka anafanana na wewe.

Sijui kama ataliweza duka. Watu wameanza kuzisifu iliki zake, lakini mwezi haujaisha. Sijui pia kama mie nitaendelea, usinitegemee sana. Naijua roho yangu. Asubuhi nikiamka kitu cha kwanza ninachokumbuka bado ni ile milango miwili. Mola akurehemu na aipanue nafasi yako, na kama kuna kukutana, tafadhali uniache nikae karibu na mlango.

Leo saa mbili na nusu alikuja kijana wa hoteli. Si yule wa zamani, mwingine, lakini orodha ni ile ile ndefu. Nilikuwa nimekwisha kumuuzia jirani kipande cha tangawizi. Nikamwonyesha kona kwa mkono. Nikasimama pale kichochoro kinapopinda nikasikiliza, na baada ya muda nikaisikia sauti nyembamba, yenye kutetemeka, ya mtu ambaye hajawahi kupiga kelele maishani mwake.

"Bismillahi, nimefungua, mkaza mjomba!"

Nikarudi ndani. Nikaenda nyuma, nikachota maji, nikanywa bilauri mbili, macho nimeyafumba. Nilimtaka yule mteja, wifi.

Wasalaam,
Wifi yako wa duka la ndani